Kristali Iliyosuguliwa kwa Majivu

Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1986, ndiyo siku mambo yote yalipoharibika. Asubuhi yenyewe haikuonyesha dalili yoyote. Jua lilitoka upande wa ziwa, moshi wa makaa ukapanda juu ya nyumba za mtaa wetu wa Kataki, na binti yangu Pascasie akaketi mlangoni na vioo vya taa mapajani, kama kila Jumamosi.

Pascasie alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alichekecha majivu ya jikoni kwa kitambaa, akaweka tone la maji, kisha akasugua kioo kwa mduara, mduara, mpaka masizi yote yakatoka. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha. Thérèse, mke wangu, alikuwa akimwambia, "Kioo hakisuguliwi kama sufuria. Kioo kinazungushiwa kidole polepole, kama unambembeleza mtoto."

Thérèse alikufa mwaka mmoja kabla ya siku hiyo. Alikuwa akinunua ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye ngazi za gati ya kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ya sentineli, karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Ukingo wa gati ulikatika juu ya ngazi, rundo la magunia likamwangukia. Wakubwa walikuja na miavuli yao, wakatazama, wakasema ni mvua. Halafu wakasema mama huyo alisimama pasipotakiwa. Nikauliza, mbona wanawake wote wa Kalemie hununua samaki pale na ninyi mnawaona kila siku kupitia dirisha la biro, hiyo ofisi yenu? Nikaambiwa nirudi kwenye lindo langu.

Kampuni hiyo sitaitaja, na yenyewe ilikwisha kufa. Lakini baada ya kifo cha Thérèse, wenye meli walikataa kufunga kamba kwenye gati yetu mpaka ipimwe. Ndipo ilipokuja mashine ya kupimia kwa nuru, pamoja na kijana mmoja mrefu, Enjeniya Kalenga.

Enjeniya alipewa chumba cha zamani cha mizani, kilichojengwa juu ya mwamba nyuma ya gati. Mwamba hauendi popote, alisema, kwa hiyo mashine yake ilikaa pale, juu ya nguzo ya simenti. Kwenye ukingo wa gati alifunga vioo vitatu. Mashine ilipeleka mwali mwembamba mwekundu, unaoitwa leza, mpaka kwenye kioo, nao ukarudi. Kutokana na kwenda na kurudi huko alijua umbali, hata ukiongezeka kwa unene wa punje ya ulezi.

Pascasie aliniletea chakula kila mchana akitoka shule, na njia yake ilipita kwenye dirisha la chumba hicho. Siku moja Enjeniya alimwona akichungulia, akamwita kwa upole kama tunavyowaita wasichana wetu.

"Ingia, mama mdogo. Ila usitazame ule mwali uso kwa uso, utakuharibu macho. Tazama ukutani."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona yote. Ukutani palikuwa na doa moja jekundu. Enjeniya akabonyeza kitufe. Pembeni ya lile doa likatokea la pili, safi, kama kaa la moto. Akaachia kitufe, la pili likafa.

"Enjeniya, umewasha taa ya pili?" Pascasie aliuliza.

"Hapana. Taa ni ileile moja. Nimewasha sauti."

"Sauti gani? Mimi sikusikia kitu."

Enjeniya akacheka. "Hata mbwa haisikii. Ona hapa." Akamwonyesha kipande cha kioo kizito, kidogo kuliko kiberiti, kimesimama kwenye kishikio chake katikati ya mashine. "Hii tunaita kristali. Ubavuni mwake kumegandishwa kibati chembamba. Umeme ukiingia kwenye kibati, kinatetemeka upesi mno. Mtetemo ule unaingia ndani ya kristali na kukimbia safu kwa safu, kama mawimbi yanavyofuatana kuingia ufukweni. Nuru inapopita katikati ya safu hizo, sehemu yake inageuzwa njia. Hiyo njo ile doa la pili uliyoona."

"Kwa hiyo sauti inasukuma nuru?"

"Inaigeuza. Sauti ikizimwa, nuru yote inakwenda moja kwa moja, inagonga bati jeusi hili ninaloliweka nikipima, inaishia hapo. Sauti ikiwashwa, ile iliyogeuka inapita pembeni ya bati na kwenda mpaka gati. Ni mlango usio na bawaba. Unafunga na kufungua mara mamilioni kabla kope lako halijapepesa mara moja. Ile nuru inayokatwakatwa hivyo njo inanisaidia kupima."

Pascasie akauliza, "Na mlango ukibaki wazi kidogo?"

"Basi vipimo vyote vinachanganyikiwa. Ndiyo maana hii kristali haiguswi. Hata pumzi yangu naigeuzia kando."

Nawaambia ninyi mnaosoma, mtoto wangu alisikia maneno hayo. Lakini mtoto husikia neno "haiguswi" na kufikiri ni kugusa kwa kuchafua. Hafikirii kwamba kuna kugusa kwa kusafisha.

Tangu Juni mpaka mwisho wa Agosti Enjeniya alipima. Mwisho wa Agosti aliingia biro kwa Direkta Gaspard, mkuu wetu, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto, akasema gati imesogea kuelekea majini kwa unene wa kidole, na inaendelea. Direkta hakufurahi. Wageni kutoka Kinshasa walikuwa wanakuja kutoa kibali cha kutumia gati, na meli ya Kapiteni Michel ilikuwa inangojewa kupakia simenti.

Basi tunarudi kwenye ile Jumamosi. Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya wote ya kusafisha. Kwa ajili ya wageni, Direkta aliamuru wafanyakazi waje na wake na watoto wao, na kila kitu king'ae. Sabuni haikuwapo. Tulipewa ndoo za majivu. Enjeniya alikuwa amekwenda Mpala kwa mtumbwi wa injini, kutazama nguzo nyingine ya vipimo, naye angerudi Jumapili.

Direkta alipita akiwa na funguo mkononi. "Onésime, na kile chumba cha mizani, fungua."

"Direkta, Enjeniya alisema muntu asiingie."

"Gati ni ya nani, ya Enjeniya? Wageni wakikuta buibui mle, utawajibu wewe? Fungua!"

Akanitupia ufunguo. Nikafungua. Nilikuwa sentineli, yeye alikuwa direkta. Wanaume walifagia mle ndani kama wanafagia zizi. Vumbi la simenti la miaka mingi likapanda mpaka darini, na kile kitambaa kilichofunika mashine kikadondoka. Kisha wakatoka kwenda kunywa maji, wakamwachia Pascasie apanguse dirisha.

Alimaliza dirisha. Akaiona ile kristali imefunikwa vumbi jeupe. Akamhurumia Enjeniya, ambaye hata pumzi yake aliigeuzia kando. Akachovya kidole kwenye majivu yaliyochekechwa, akaweka tone la maji, akasugua upande mmoja na upande wa pili, kwa mduara, mduara, polepole, kama alivyofundishwa na mama yake. Akafuta kwa kitambaa kisafi. Kristali ikang'aa. Akarudisha kitambaa juu ya mashine, akatoka na moyo mweupe.

Jumatatu wageni walifika, watu watatu wenye makoti. Kapiteni Michel naye alikuja, mtu mnene wa Moba mwenye kofia ya majani. Enjeniya akawasha mashine mbele yao. Nilikuwa mlangoni. Kwenye kile kidirisha cha vipimo, namba hazikutulia. Mara gati iko mbele, mara iko nyuma, mara iko mahali ambapo hata ziwa halipo. Enjeniya alijaribu tena na tena. Jasho likamtoka.

"Citoyen Enjeniya," Direkta alisema mbele ya wote, kwa lile neno la serikali la kumwita mtu mwananchi, "kumbe gati yetu inacheza rumba?"

Wageni wakacheka.

"Kuna kitu," alisema Enjeniya. "Mashine ilikuwa nzima. Vipimo vya Agosti vilikuwa safi."

"Utajuaje kwamba vilikuwa safi? Mashine hii leo ni kichaa. Kichaa haanzi siku moja. Ilikuwa kichaa tangu Juni, na wewe ukatuandikia maneno ya kichaa."

Enjeniya akainamia mashine tena. Mzee mmoja wa wale wageni akatoa kalamu. Kibali kikapigwa sini, sahihi tatu, pale pale, juu ya boneti ya gari. Simenti ingepakiwa Alhamisi. Kapiteni Michel alikuna kidevu, lakini karatasi ilikuwa karatasi.

Niliyasema hayo nyumbani wakati wa kula, kwa hasira, nikiwatukana wakubwa mmoja mmoja. Sikumtazama Pascasie. Ningemtazama ningeona kwamba mkono wake ulisimama njiani kati ya sahani na mdomo. Tantini Mado ndiye aliyeona. Mado ni mdogo wa marehemu mke wangu. Alikuwa akikaa nasi na kuuza mandazi kwenye ngazi za gati, kulekule, maana biashara iko pale watu walipo.

Yaliyofuata niliambiwa baadaye. Mado alimvuta mtoto nyuma ya nyumba.

"Una nini, wewe?"

"Tantini, ni mimi. Nilisafisha kristali kwa majivu."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichotokea. Unasikia? Baba yako akifukuzwa, tutakula nini? Mawe? Ile mashine ni ya watu wenye shule, watajijua wenyewe. Funga mdomo."

Siku ya pili shuleni, Pascasie hakunyoosha mkono hata mara moja. Denise, rafiki yake wa benchi moja, alimchokoza njiani.

"Umemeza chaki, we Pascasie? Mwalimu ameuliza mito, wewe uko kama sanamu ya misioni!"

"Niache."

"Ona sasa! Sanamu inaongea!"

"Denise, muntu akiharibu kitu akitaka kukisaidia, ni kosa?"

Denise alifikiri huku akirusha jiwe kwa mguu. "Mimi nilivunja chungu cha bibi nikikiosha. Nilipigwa vilevile."

Jibu hilo halikumsaidia. Jumatano ikapita hivyohivyo.

Alhamisi mchana aliniletea chakula. Malori ya simenti yalikuwa yamepanga mstari toka lango mpaka barabarani, injini zinanguruma. Meli ya Kapiteni Michel ilikuwa imefunga kamba. Na kama kila siku meli ikiwepo, wanawake walikuwa wamejaa kwenye ngazi chini ya ukingo, na mabeseni ya ndakala na mihogo. Walikuwa wanacheka na mabaharia. Mado alikuwa katikati yao, beseni la mandazi magotini, mahali palepale Thérèse alipokuwa amesimama. Lori la kwanza lilianza kurudi kinyumenyume kuelekea ukingoni.

Pascasie aliweka bakuli chini. Hakunipa mkononi, aliliweka kwenye vumbi.

"Papa, nilisugua kile kioo."

"Kioo kipi?"

"Cha Enjeniya. Siku ya salongo. Kwa majivu. Mashine haikuwa kichaa tangu Juni, Papa. Niliiharibu Jumamosi."

Nilimwelewa taratibu, kama mtu anayeamshwa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Ningeweza kumpiga. Ningeweza pia kuhesabu kazi yangu, na najua wengine wangeihesabu kwanza. Lakini lile lori lilikuwa linarudi nyuma, na mimi nilikwisha kuokota mtu mmoja chini ya ile ngazi. Nikateremsha mnyororo wa lango mbele ya lori la pili. Nikamshika mtoto mkono, tukakimbia ukingoni, nikampigia dereva wa lori la kwanza kelele mpaka akasimama.

Direkta Gaspard alitoka biro. "Onésime! Nani amekuambia uache lango?"

"Direkta, mutoto ana neno."

"Neno gani? Mutoto wa sentineli sasa njo profesa?"

Enjeniya alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha mizani, masanduku yake yamefungwa, maana alikuwa ameambiwa aondoke. Pascasie akasimama mbele yake.

"Enjeniya, mashine ilikuwa nzima. Ni mimi nilisugua kristali, siku ya salongo, kwa majivu. Ilikuwa na vumbi. Nilifikiri nakusaidia. Halafu nikaogopa kusema."

Enjeniya akasimama. Kisha akafungua sanduku kwa haraka, akatoa kioo cha kukuzia, akaingia mle ndani, ambamo mashine ilikuwa bado juu ya nguzo, akaikagua kristali kwa mwanga wa mlango. Midomo yake ikafunguka.

"Miduara," alisema. "Mikwaruzo ni miduara mitupu. Nilikuwa nafikiri ni unyevu, kumbe!" Akawageukia watu waliokuwa wamekusanyika, Kapiteni Michel mmoja wao. "Majivu yana chembe ngumu. Kioo cha taa kinavumilia. Uso wa kristali hauvumilii. Nuru ikifika kwenye mikwaruzo inatawanyika kila upande, inapita hata wakati sauti imezimwa. Mlango umefungwa lakini unavuja. Ndiyo sababu ya zile namba."

"Vizuri," alisema Direkta, na akacheka kidogo. "Basi mashine imekufa. Pakieni."

"Ngoja," alisema Kapiteni.

Enjeniya akapiga goti mbele ya Pascasie. "Sikiliza vizuri, mama mdogo. Usinifiche kitu, hata kidogo. Ulisugua wapi? Nionyeshe."

Pascasie akazungusha kidole kwenye kiganja chake. "Katikati, na huku juu. Pande mbili. Pale chini sikufika. Kuna kishikio, na kidole hakiingii."

"Hukufika chini? Una hakika?"

"Nina hakika. Hata vumbi la pale lilibaki."

Enjeniya akatazama tena kwa kioo cha kukuzia. Akapuliza vumbi kwa kipira kidogo cha hewa. Chini, ukanda mwembamba wa kristali ulikuwa umebaki kama ulivyotoka kiwandani. Akamwomba dereva wa lori pakiti tupu ya sigara, akakata karatasi yake ngumu, akaikunja na kuiingiza chini ya kishikio. Kristali ikapanda kidogo, na mwali ukapata njia mpya kwenye ule ukanda. Akabonyeza kitufe. Ukutani doa la pili likatokea, safi. Akaachia, likafa kabisa. Hapakubaki hata ukungu.

Akageuza mashine kuelekea kioo cha kwanza cha gati. Namba zikatembea, zikatulia. Akarudia, zikatulia palepale. Akapima kioo cha pili na cha tatu.

"Ni mstari uleule wa Agosti," alisema hatimaye. "Ila gati imesogea zaidi. Upande wa ngazi ndio mbaya kuliko wote. Na bado hamjaweka simenti juu yake."

Kapiteni Michel akavua kofia yake. "Direkta, nafungua kamba zangu."

"Karatasi iko na sini tatu!"

"Iko nazo. Lori likizama na mabaharia wangu, hiyo karatasi yako itawashika mkono?"

Alipiga mluzi, na mabaharia wakaanza kukunja kamba. Mimi nilishuka kwenye ngazi kuwaondoa wanawake. Walinitukana sana, kwa sababu biashara ilikuwa imechangamka. Mado alinikazia macho.

"Shemeji, unatufukuza kwa amri ya nani?"

"Ya mtoto wa dada yako," nilimwambia.

Alitazama juu, akamwona Pascasie amesimama mlangoni mwa chumba cha mizani. Akaelewa. Alijitwika beseni lake, akapanda mbele ya wote, na alipofika juu alimshika mtoto akamkumbatia mpaka mandazi mawili yakaanguka chini.

Gati ilifungwa. Meli zikapelekwa kufunga kwingine. Mimi nilifukuzwa mwisho wa wiki hiyohiyo. Sababu waliyoandika ni kwamba niliruhusu mtoto aingie kwenye chumba kilichokatazwa. Nikauliza ufunguo ulitoka mfukoni mwa nani. Nikaambiwa nisiongeze maneno. Ndivyo wanavyofanya. Amri inatoka juu, lawama inashuka chini.

Kabla ya kusafiri Enjeniya alikuja nyumbani kutuaga. Alimkuta Pascasie mlangoni, vioo vya taa mapajani, lakini majivu yalikuwa kando hayajaguswa.

"Mbona husugui?"

"Naogopa, Enjeniya."

"Sugua. Kioo cha taa kinahitaji majivu. Kila kitu kina usafi wake. Usichokijua, uliza kwanza mwenyewe."

"Kristali itapona?"

"Haiponi. Itapelekwa kwa wanaojua kuing'arisha. Nitaandika ni nini kilitokea, na nitaandika pia nani alisema." Akaketi kwenye kigoda. "Pascasie, nataka ukumbuke jambo moja. Kuharibu kristali lilikuwa kosa la kutojua, na hilo linasameheka. Lakini zile siku ulizonyamaza, kosa lako lilikuwa linawafanyia kazi watu wengine. Walilichukua, wakalitumia kufuta ukweli wa miezi mitatu. Kosa likifichwa halikai kimya, linapata bwana wa kulitumia. Wewe ulilinyang'anya mikononi mwao. Na hukusema nusu. Ungesema nusu, tusingejua kwamba pale chini pamebaki pazima."

Pascasie aliinamisha kichwa. Kisha akachovya kidole kwenye majivu.

Mvua za Novemba zilipokuja, gati ilikatika mchana kweupe. Hapakuwa na mtu juu yake wala chini yake. Tulisikia mshindo mpaka Kataki. Tulipofika, ukingo wote wa upande wa ngazi ulikuwa umelala majini, na kile kisiki cha chuma cha kufungia kamba kilikuwa kinatokeza kichwa tu, kama kiboko. Wanawake waliokuwa wakiuza pale walisimama mvuani wakiyatazama yale maji, na hakuna aliyenitukana tena.

Nilitembea mpaka mahali palipokatika, Pascasie akiwa nyuma yangu. Ukuta uliobaki ulionyesha tumbo lake la ndani. Ule mpasuko haukuwa mpya. Ulikuwa umezibwa. Ndani yake kulikuwa na simenti ya rangi nyingine, imekandikwa kwa mwiko, na juu yake chokaa nyeupe iliyopakwa vizuri, tabaka juu ya tabaka, ili jicho lisione kitu. Kiraka kilikuwa na kutu na majani ya ziwa yaliyokauka. Kilikuwa cha zamani kuliko Enjeniya na mashine yake, na kuliko ile siku ya mvua ambayo walisema Thérèse alisimama pasipotakiwa.

Wakati huo Direkta Gaspard alikuwa amekwisha kupewa kiti kikubwa zaidi katika mji mwingine. Wale wageni wenye makoti hawakurudi. Nilipeleka kipande cha ile chokaa kwenye biro moja, nikaambiwa nikiache mezani. Nikakipeleka kwenye biro ya pili, nikaambiwa niende ya kwanza.

Lakini siku ile, pale kwenye ukuta, Pascasie aligusa kile kiraka kwa kidole kilekile cha majivu. Alikizungushia kidole kidogo, chokaa ikabaki kwenye ngozi yake.

"Papa," alisema, "mimi nilisugua, nikasema ni mimi. Huyu aliyepaka hapa, aliuona ufa kabla mama hajafa. Ni nani?"